Ng'ombe wa Kuazima

Chuo Kikuu cha Kiboriani,
Mpwapwa.
10 Februari 2025

Kaka Harithi,

Shikamoo. Mama hajambo, magoti ndiyo yaleyale, na anauliza kama huko Dodoma simu mnazipokea au mmezitundika ukutani kama picha. Nimekupigia wiki nzima. Nimeona niandike, kwa kuwa siku hizi husikii neno mpaka liwe na tarehe na sahihi.

Jumanne nilipita chuoni kwenu nikitoka wizarani. Nimeliona geti jipya. Maisha yangu yote sijaona geti linalorusha maji juu. Nikamuuliza mlinzi yale maji yana kazi gani, akanijibu kwa adabu, "Ya kupendezesha, mama." Huku kwetu wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapanga foleni kwenye hadubini moja, na hiyo moja tumeifunga plasta ya jeraha ili kioo kisidondoke.

Najua utakachosema, kwamba fedha hufuata idadi ya wanafunzi. Uwanda mna wanafunzi wengi kwa sababu mna majengo, mna majengo kwa sababu mlipewa fedha, na mlipewa fedha kwa sababu mlisema mtakuwa na wanafunzi wengi. Sisi hatukusema kitu, tukabaki tunafundisha. Vyuo vyote viwili ni vya serikali na hazina ni moja, lakini kimoja kinaitwa mtoto na kingine kinaitwa mzigo.

Sasa wizara ina fedha za kujenga skuli ya tiba ya mifugo, moja tu, na jopo la tathmini litatembelea vyuo vyote viwili lichague. Nasikia Uwanda mmeomba. Nyinyi! Wewe ni Rasi wa Ndaki ya Mifugo, mkuu wa kitivo kizima, kaka yangu, na mfugo pekee niliouona kwenye ndaki yako ni paka wa kantini. Sisi tuna ng'ombe thelathini wa mbegu ya Mpwapwa, kundi nililolilea tangu ukiwa bado unafundisha hapa, kabla hujapanda gari la kwanza la Uwanda bila kugeuka nyuma.

Waambie wakubwa zako mjitoe. Ombeni fedha za geti la pili.

Mdogo wako,
Dkt. Sabiha Nasri,
Mkuu wa Idara ya Mifugo


Chuo Kikuu cha Uwanda,
Dodoma.
17 Februari 2025

Mdogo wangu Sabiha,

Marahaba. Barua yako nimeisoma chini ya kiyoyozi, jambo ambalo najua litakuudhi kuliko majibu yangu.

Unaandika kama mjane wa chuo. Kiboriani kilianza kama shamba, na hadi leo mgeni akifika anauliza ofisi ya meneja wa shamba iko wapi. Wahadhiri wenu wanaingia darasani na samadi kwenye viatu, halafu mnaiita hiyo elimu kwa vitendo. Baba alisimama sokoni Mpwapwa miaka yote akikata nyama ili sisi tutoke kwenye harufu hiyo. Mimi nilitoka. Wewe ukaisomea mpaka shahada ya uzamivu.

Serikali haigawi fedha kama sadaka ya Ijumaa, kwamba aliyechakaa zaidi ndiye apewe. Inawekeza panapoonekana. Uwanda panaonekana. Nyinyi hata barabarani hamna kibao, mna jiwe lililopakwa chokaa.

Hata hivyo nina ombi, na naliandika mara moja tu. Mwezi ujao ndaki yangu itakuwa na siku ya maonyesho kwa wazazi na wageni. Ndaki ya mifugo isiyo na ng'ombe haipendezi kwenye picha. Niazime kundi lako kwa wiki mbili. Lori, majani na dawa ni juu yangu. Nikishawarudisha, wanafunzi wako wa mwaka wa mwisho waje watumie maabara yetu mpaka wamalize tafiti zao. Najua wamekwama, usijifanye hawajakwama.

Kuhusu jopo usiwe na hofu. Ratiba niliyoiona inasema watakuja baada ya Idd. Wakati huo ng'ombe wako watakuwa wamesharudi kwao, wakiwa wamenenepa kwa mara ya kwanza.

Msalimie Mama. Mwambie simu nitapiga.

Kaka yako,
Prof. Harithi Nasri,
Rasi wa Ndaki


Mpwapwa, 24 Februari 2025

Kaka Harithi,

Nimecheka mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Ndaki ya orofa nne, vioo mbele na nyuma, inaazima ng'ombe kwa chuo cha samadi!

Ningekunyima, na ningekunyima kwa furaha. Lakini nina vijana kumi na wawili ambao hawawezi kuhitimu bila vipimo, na hapa vipimo tunavisoma vitabuni kama hadithi. Yuko binti mmoja, Anyesi, wa kutoka Kibakwe. Mwaka wa pili sasa amehifadhi sampuli zake kwenye friji la kantini karibu na soda. Kwa ajili yake nakupa. Na Mama ameapa kwamba nikikunyima hatanisemesha mwezi mzima wa Ramadhani.

Masharti: Batholomeo Matonya, mchungaji wetu mkuu, atakuja nao na kukaa nao. Kidoti, yule jike mzee mwenye baka jeupe usoni, asilale kwenye saruji. Warudi kabla ya Idd. Na ufunge mdomo. Ni mali ya chuo, na mimi sina kibali cha kuwatoa. Nimemwambia bosi wangu, Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Damas, kwamba wanapelekwa kuogeshwa dawa ya kupe. Alikuwa anasoma gazeti, akasema sawa.

Ukiwapiga picha, simama mbali nao. Ng'ombe wangu hawajazoea manukato.

Sabiha


Hapa Uwanda, Dodoma
19/3/2025

Kwako Daktari Sabiha,

Salamu. Mimi mzima, ng'ombe wazima. Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani, wameniambia uko Mtera na wanafunzi na huko mtandao hakuna. Barua hii nampa kondakta wa basi la mchana.

Daktari, mambo ya hapa siyaelewi. Juzi walikuja vijana wawili na koleo, wakatoa hereni za Kiboriani masikioni mwa ng'ombe wote, wakaweka nyingine za njano zimeandikwa UWANDA. Nikawauliza, "Mbona mnawabadilisha jina?" Wakasema ni agizo, ni za usalama. Kidoti alitoka damu, nikampaka dawa.

Leo asubuhi wamekuja wageni wakubwa na magari manne. Hawakuwa wazazi. Mmoja mama mnene mwenye miwani, wanamwita Mwenyekiti wa Jopo. Profesa alikuwa anawaonyesha na fimbo, anasema, "Hili ni kundi letu la mbegu, tumelianzisha wenyewe." Wakapiga makofi. Yule mama akaniuliza mimi jina la jike la mbele. Nikasema Kidoti. Akauliza ana umri gani. Nikamtazama Profesa, Profesa akatazama juu. Nikasema sijui, mimi mgeni hapa. Hapo sikudanganya.

Nimesikia dereva wao akisema kesho wanakuja huko Mpwapwa. Daktari, huko mabanda matupu.

Mimi,
Batholomeo Matonya


Mpwapwa, 21 Machi 2025

Profesa Harithi,

Shikamoo sitaandika. Kama unaidai, njoo uichukue kwa Mama, mbele yangu.

Barua ya Batholomeo niliipata jana saa kumi jioni. Jopo lilishaondoka saa nane. Nakusimulia ili ujue ulichokifanya kilivyoonekana kutoka upande huu.

Damas aliarifiwa juzi usiku, mimi nikarudi kutoka Mtera alfajiri, tukapanga viti chini ya turubai. Mwenyekiti hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mabandani, akatembea banda la kwanza, la pili, mpaka la mwisho, akasimama kwenye hori kavu na kupitisha kidole ndani yake. Kikatoka na vumbi.

"Ng'ombe wako wapi, Daktari?"

Ningeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu, Dodoma. Lakini kulitamka ni kukiri mbele ya wizara kwamba nimetoa mali ya serikali bila karatasi, na hapo fedha zingekwenda na kazi ingekwenda. Profesa Damas akadakia, kwa kuwa yeye hawezi kuuona ukimya bila kuujaza: "Wako malishoni, mheshimiwa."

"Wote? Hata ndama?"

"Wote, mheshimiwa. Huku tunafuga kisasa."

Wakacheka, kaka. Kijana mmoja wa jopo akaandika kitu, akamwonyesha mwenzake, wakacheka tena. Wanafunzi wangu walisimama pale wamevaa makoti meupe waliyoyafua tangu alfajiri. Anyesi alikuwa analia.

Ulijua tarehe. Usiniambie hukujua. Na hereni zilikuwa tayari zimechapwa. Hereni hazichapwi kwa siku moja. Wewe umeniibia mwezi wa Ramadhani ukiwa umefunga. Hata wezi wa mnadani, wale waliokuwa wakimliza Baba, walikuwa wanaiba usiku kwa kuona haya.

Rudisha ng'ombe wangu.

Sabiha


Dodoma, 25 Machi 2025

Sabiha,

Umemaliza? Sasa sikiliza.

Ratiba ilibadilishwa na wizara, si na mimi. Niliarifiwa siku chache kabla. Ni kweli sikukwambia. Ningekwambia ungefanya nini? Ungepakia ng'ombe usiku, tungepata aibu sote, na fedha zingekwenda kanda nyingine kabisa. Sasa angalau zitabaki hapa katikati ya nchi. Kuna watu hufikiri kwa ukubwa huo, na kuna watu hufikiri kwa ukubwa wa zizi.

Kiboriani kinakufa. Wewe unajua, Damas anajua, hata wizara inangoja mwenye ujasiri wa kusoma tangazo la msiba. Skuli ikijengwa hapa nitakupa kitengo. Ofisi, maabara, gari la kwenda vijijini. Utanishukuru ukiwa umekaa kwenye kiti kisichoyumba.

Ng'ombe hawawezi kuondoka mpaka ripoti isainiwe. Jopo linaweza kurudi ghafla. Wanafunzi wako waje maabara, ahadi ni ahadi.

Harithi


Mpwapwa, 5 Mei 2025

Mheshimiwa Profesa,

Shikamoo! Leo naiandika kwa moyo mkunjufu kabisa.

Bila shaka uamuzi wa wizara umekufikia, lakini niruhusu nikunukulie, maana nimeusoma mara nyingi mpaka nimeukariri: "Chuo Kikuu cha Uwanda kimeonekana kujitosheleza kwa mifugo bora na mabanda ya muda. Chuo Kikuu cha Kiboriani kimekutwa hakina ng'ombe hata mmoja, hali inayotishia taaluma. Hivyo fedha za mwaka huu zielekezwe Kiboriani kwa ujenzi na ununuzi wa mifugo."

Kujitosheleza, kaka! Umejitosheleza kwa ng'ombe wangu mpaka umejinyima fedha. Ulivaa nguo ya kuazima kwenda kuomba msaada, ukaambiwa umependeza, rudi nyumbani. Mama nilipomsomea alijifunika khanga usoni; sijui kama alikuwa anacheka au anakulilia.

Damas ameagiza keki. Mimi nimeanza kuchora ramani ya maabara. Fedha ni lazima zitumike kabla ya mwisho wa Juni, kwa hiyo sina muda wa barua ndefu.

Ila jambo moja. Wanafunzi wangu walikuja kwenu mwezi uliopita. Wakakuta mashine zimefunikwa nailoni, dawa za vipimo hazijanunuliwa hata chupa moja. Anyesi alimuuliza mtu wenu fedha za dawa zilikwenda wapi. Akamwonyesha geti. Ulinipa maabara isiyopima, nami nikakupa ng'ombe wanaokula. Tuone nani alipata hasara.

Kuhusu hao ng'ombe: kwa mujibu wa ripoti ni wa Uwanda. Watunze.

Dkt. Sabiha Nasri


Dodoma, 26 Mei 2025

Mdogo wangu,

Nakuomba usome barua hii mpaka mwisho kabla hujaanza kucheka.

Chukua ng'ombe wako. Leta lori, au nitaleta mimi. Hapa hakuna bajeti ya majani, kwa sababu ng'ombe hawakuwahi kuwa kwenye bajeti. Wamemaliza nyasi za mbele ya utawala. Wamekula maua ya mahafali. Ninanunua pumba Kizota kwa mshahara wangu, na muuza pumba sasa ananiita Mzee wa Ng'ombe mbele ya watu. Nimemwambia Makamu Mkuu wa Chuo kwamba kundi si letu. Akanitazama, akasema, "Profesa, ulisimama mbele ya wizara ukasema tumelianzisha wenyewe. Unataka niandike kwamba Rasi wangu ni mwongo?"

Na sasa amepata ufumbuzi wake. Idd ya kuchinja ni tarehe saba mwezi ujao. Ameagiza kundi lipunguzwe: kumi wachinjwe wagawiwe wafanyakazi, wengine wauzwe mnadani kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Sabiha, hili si neno la kutishia.

Nilikosea tarehe, nilikosea hereni, nilikosea kwa namna yoyote unayotaka. Andika mstari mmoja tu wizarani kwamba ng'ombe ni wenu. Ukiandika wewe wataamini. Mimi hawaniamini tena hata nikisema leo ni Jumatatu.

Kaka yako,
Harithi


Mpwapwa, 28 Mei 2025

Profesa,

Nimesoma mpaka mwisho, na nimecheka katikati.

Unataka nikaandike kwamba mabanda yetu hayakuwa matupu, fedha zirudi, halafu jopo lije tena kwenye geti lako. Unaniona mjinga kiasi gani? Mwezi wa pili uliniomba ng'ombe ili upige picha. Mwezi huu unanitishia kisu ili nitie sahihi. Kumi wachinjwe! Hakuna chuo duniani kitakachochinja kundi la mbegu kwa pilau ya wafanyakazi, hata chenu.

Tafadhali barua zijazo zipitie kwa Makamu Mkuu wa Chuo wangu, kwa utaratibu.

Dkt. S. Nasri
Nakala: Faili


Kikombo
5/6/2025

Kwako Daktari,

Hii namwomba mwalimu wa shule ya hapa aipige picha akutumie kwa simu yake, maana yangu imeisha chaji.

Kidoti hayupo. Jumatatu alianguka, hakuweza kuinuka. Mchinjaji alikuwa ameshakuja kuchagua wale kumi wa Idd, akasema huyu tumuwahi asije akawa mzoga. Nilimshika kichwa. Nyama imepikwa kantini. Profesa hakula. Alikaa kwenye ngazi za jengo lake na suti, akaniuliza, "Huyu ndiye aliyezaliwa mwaka niliohama?" Nikamwambia ndiye, Daktari alimtoa kwa mikono yake, mvua inanyesha.

Jana asubuhi nikamwendea. Nikasema, "Profesa, mimi nawaondoa. Nyie ndugu wawili mnagombana kwa karatasi, mimi ndiye ninayeangaliwa na ng'ombe." Akasema huna lori. Nikasema nina miguu. Akasema huna kibali. Nikasema hata wakati wa kuja sikuwa nacho.

Tukawatoa. Getini walinzi wakasimama: "Ruhusa ya nani?" Profesa akasema, "Yangu." Wakasema lazima iandikwe. Akasema, "Kila kitu nilichoandika mwaka huu ni uongo. Fungueni." Wakafungua. Wanafunzi walikuwa wamejaa pale na simu zao, wanapiga picha, wanapiga vigelegele, wengine wakatusindikiza mpaka Ihumwa wanaimba. Ng'ombe walipoona vichaka waliacha kutembea kama wafungwa.

Naifuata reli. Igandu, Msagali, Gulwe, halafu nyumbani. Wako ishirini na tisa, na masikioni wote wameandikwa Uwanda. Kama polisi watanikamata nitasema mimi mwizi wa nani sijui.

Daktari, Profesa kanisomea barua yako, kwamba huamini watachinjwa. Mimi nilikupigia simu mara tatu wiki ileile. Uliikata.

Batholomeo


Mpwapwa, 12 Juni 2025

Kaka Harithi,

Shikamoo.

Wamefika jana adhuhuri. Niliwasubiri pale njia ya Gulwe inapoingilia mjini. Nilimtafuta Kidoti kwanza, kama mpumbavu, nikiwa nimeisoma barua ya Batholomeo kwa macho yangu mwenyewe. Walikuwa mbavu tupu. Batholomeo alinipita bila kunisalimia, akawapeleka kwenye maji, akawangoja wanywe wote, ndipo akaja akanipa mkono.

Nilikudharau kwa sababu ulisema uongo kwa ajili ya fedha. Kisha nikakaa kimya kwa ajili ya fedha hizohizo, nikakuita mwizi, nikaagiza mchanga na kokoto. Ulipoandika neno la kweli ndilo nililolicheka. Sikuombi radhi, wewe bado una deni kubwa kuliko langu. Ila siwezi kuita watu kuja kujenga skuli juu ya mabanda yaliyoitwa matupu, na ng'ombe wanalia ndani yake.

Leo asubuhi tumetoa hereni zenu mbele ya wanafunzi wote. Kisha nimeandika wizarani kila kitu: lori, kupe wa uongo, malishoni, jopo. Nimeweka jina langu. Lako nimelitanguliza, maana una cheo. La Batholomeo sikuliweka. Nimeandika kwamba alitumwa. Damas amenisihi ningoje mpaka Julai, fedha zikishatumika. Nikamwambia aendelee kusoma gazeti lake.

Mama anauliza kama umekula Idd.

Sabiha


Dodoma, 6 Oktoba 2025

Mdogo wangu,

Idd nilikula mkate. Mwambie Mama.

Nimenyamaza miezi yote hii kwa sababu tume ya nidhamu ilinikataza kuwasiliana na "mhusika wa pili". Jina hilo linakufaa. Nadhani unajua nusu ya hukumu, nami ninakuletea nusu nyingine. Fedha zilirudishwa hazina Juni ilipokwisha, hakuna chuo kilichopata hata tofali. Wewe umevuliwa ukuu wa idara, na nasikia ulikabidhi funguo bila kusema neno, jambo ambalo siliamini.

Mimi nimevuliwa urasi na kuhamishwa. Kwenda Kiboriani. Hawakuishia hapo. Kanuni mpya inataka kila idara iongozwe na profesa, na kwenye idara ya mifugo huko hakuna profesa hata mmoja. Kwa hiyo adhabu yangu imekuja na cheo chako. Naripoti wiki ijayo kama Mkuu wa Idara. Niliwaandikia kukataa cheo. Wakajibu kwamba nisipoteze tena muda wa serikali.

Unaweza kucheka sasa. Ningekuwa karibu ningekusikia.

Harithi


Mpwapwa, 10 Oktoba 2025

Mheshimiwa Mkuu wa Idara,

Shikamoo.

Sikucheka. Nilitupa barua yako chini, nikatoka nje, nikarudi, nikaiokota. Wizara nzima imekaa, ikapima mwongo na msema kweli, ikaona mwongo ana cheo kikubwa zaidi. Nawadharau wote, na wewe nimekuweka mbele ya foleni.

Lakini kuna habari ambayo hawajakwambia, kwa sababu hata wao imewashtua. Zile picha za ng'ombe wakitoka getini zimezunguka nchi nzima. Mwaka jana idara hii ilipata wanafunzi wapya thelathini. Mwaka huu wamechagua kuja mia nne. Tumewauliza wamesikia wapi habari za Kiboriani, wanasema, "Si ndicho kile chuo ambacho ng'ombe walirudi wenyewe?" Hakuna aliyeuliza kuhusu majengo. Na kwa kuwa fedha hufuata vichwa, hazina imeanza kuuliza akaunti yetu ni ipi. Damas anatembea kama aliyewachunga mwenyewe.

Vyumba vya kuwaweka hakuna. Hadubini ni ileile. Mwaka wa kwanza wote ni wako, kwa sababu mimi nimechukua mwaka wa mwisho. Anyesi anamalizia utafiti wake kwa vipimo tulivyopeleka Morogoro kwa basi. Darasa lako la kwanza ni Jumatatu saa mbili, zizini, ndipo palipo na nafasi. Batholomeo atakuonyesha pa kusimama. Fundisha kwa sauti, ng'ombe hawanyamazi kwa ajili ya cheo.

Na njoo Jumapili. Mama anapika, na mimi nitakuwepo, ila usinisemeshe mpaka tumalize kula.

Mdogo wako,
na kuanzia Jumatatu mtumishi wa chini yako,
Sabiha